Fishi Si za Kufungia Karanga: Barua ya Wazi kwa Vijana Wahesabu Magari wa Lubumbashi

Jambo yenu, wana wangu.

Mwisho wa mwezi huu naingia pensheni, na nilikusudia kuwaandikia kwaheri yenye maneno matamu. Lakini juzi, kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, karanga zilikuwa zinafungwa ndani ya fishi, yaani karatasi zetu za kuhesabia magari. Fishi zenyewe zilizojazwa barabarani: barabara ya Kasumbalesa, upande wa kwenda mpaka wa Zambia, vijiti vitano vitano vimechorwa kwa usafi, na chini mtu kaandika "mvua kubwa, njia imeziba dakika 40". Mama muuza karanga hana kosa, karatasi aliuziwa kwa kilo. Kosa ni la yule aliyesema, "Jumla tumekwisha kuitia kwenye kompyuta, makaratasi haya ya nini tena?" Basi utamu utangoja.

Jumla inajua jibu moja tu: makamyo, yaani malori, mangapi yalipita. Kesho mhandisi atauliza yalikuwa na ekseli, ile mihimili ya magurudumu, ngapi, yalikwenda yamejaa au matupu, yalisongamana robo saa gani. Hapo jumla ni bubu. Na ekseli si swali la mchezo. Tangu majaribio ya barabara ya Illinois, Marekani, ya 1958 hadi 1960, wahandisi hukadiria kuwa uharibifu wa lami hukua kwa kipeo cha nne cha uzito: uzito wa ekseli ukiwa mara mbili, uharibifu ni mara kumi na sita. Ekseli ya tani 13 huiumiza lami kama ekseli sita za kawaida za tani 8.2. Hiace mia moja hazifiki hata ekseli moja ya hizo. Ukiandika "kamyo" bila ekseli, umeandika hewa. Tena hesabuni ekseli zinazogusa ardhi tu. Dereva aliyeinua ekseli yake amekwisha kukuambia, bila kuulizwa, kwamba anarudi mtupu.

Fishi ndiyo inayomfichua mwongo pia. Najua kuna wanaohesabu wakiwa kitandani, msinitazame hivyo. Robo saa nne zilizofuatana zikisoma 40, 40, 45, 40, hiyo si barabara, ni usingizi. Barabara huruka: 31, 52, 38, 47. Tazameni namba zinazopenda kuishia na 0 na 5, usiku usio na sifuri hata moja, kwenda na kurudi kunakolingana kama mapacha. Jumla ya siku ikishatolewa na fishi zikitupwa, uongo huo hautaonekana tena, na lami itajengwa juu yake.

Anayehesabu abiria wa taksi-basi asikae kivulini ukingoni. Sisi tunaendesha kulia, lakini Hiace nyingi zimeletwa na usukani wa kulia, na ambazo hazijakatwa mlango mpya hushusha watu kushoto, katikati ya njia. Gari lenyewe linakuziba, unaandika watatu kumbe wameshuka wanane. Vuka, uhesabu kutoka ng'ambo.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Siku saba mfululizo, saa 16 kila siku, na angalau siku mbili ziwe za saa 24, moja ya kazi na moja ya wikendi. Kila upande wa barabara na mtu wake. Mpaka ukifungwa, andikeni saa uliyofungwa na saa uliyofunguliwa. Masika na kiangazi msivichanganye. Nakala tatu, na moja ilale nje ya jengo, maana flashi hufa bila kuaga.

Mahali pa kuhesabia paandikwe kwa namba za ramani, si "karibu na duka la simu", kwa sababu duka litahama. Na alama ya kutoa, jamani! Lubumbashi iko karibu na -11.66 na 27.48. Sahau kile kijistari kimoja, na kituo chako kinarukia Sudani.

Sasa niseme na wakubwa wenzangu, ingawa barua si yao. Nchi hii yetu ya Kongo haijahesabu watu wake tangu sensa ya 1984. Kwa hiyo kila tunapokadiria safari za watu wa mitaa ya Katuba au Ruashi, tunasimama juu ya makadirio ya makadirio, na fishi ya kijana aliyesimama juani inakuwa mali kuliko inavyokuwa katika nchi zenye sensa. Halafu mzee anaondoka na mafaili kwenye flashi yake, ili biro, yaani ofisi, imwite tena kwa posho! Na biro nayo haimwajiri kijana mpaka mzee awe ametoka mlangoni, kisha inashangaa hakuna anayejua msimbo 4, ile namba ya aina ya gari kwenye fishi, ulikuwa gari gani. Makabidhiano ni miezi mitatu ya kukaa meza moja. Soda na sambusa za Ijumaa ya mwisho si makabidhiano.

Nyinyi mmenivumilia, wanangu, na mmesimama kwenye vumbi la Julai kwa pesa isiyotosha hata maji ya kunywa. Hilo naliona.

Maana ya misimbo yote, 1 hadi 12, nimeiandika kwa mkono ndani ya daftari la kijani. Liko katika kabati la chuma, na ufunguo anao mlinzi wa mchana. Humo mna masanduku ya fishi: ya juu ni ya masika. Ya chini ni ya kiangazi, na mchwa wamekwisha kuyaanza. Anzeni kupiga picha fishi za hayo ya chini.