Bakiza kwanza, ndipo uoke

Mwanangu Rehema,

Salamu zako nimezipata, na ile habari uliyomtuma mdogo wako anieleze kwa kuzungukazunguka nimeipata pia. Chachu yako ya kuumulia mkate imekwisha. Ulitia kopo zima kwenye oda ya walimu wenzako, mikate ikanunuliwa yote, kopo likaoshwa. Sasa unauliza kama urudi kwenye hamira ya dukani.

Usirudi. Nakutumia chachu na huyu anayekuja kwa treni. Ni ile ile uliyoianzisha hapa Gungu, Kigoma, kwa unga wa atta na maji, ukaniachia nusu. Sijaikatisha. Nimeipaka nyembamba kwenye karatasi na kuianika kivulini, maana joto kali huiua, mpaka ikakauka na kubanduka.

Ponda vipande, pima gramu 10, loweka kwa gramu 30 za maji ya uvuguvugu mpaka vilainike, kisha koroga na gramu 30 za unga. Funika bila kukaza, kwa sababu inatoa gesi na chupa iliyokazwa inaweza kupasuka. Kesho yake bakiza gramu 30, ilishe unga gramu 30 na maji gramu 30. Fanya hivyo kila siku mpaka uone ukishailisha inaumuka ikawa mara mbili ya ilivyokuwa ndani ya saa chache. Kabla ya hapo usiiokee, hata wakusihi. Mizani ikikosekana, kikombe cha unga ni kama gramu 120 na cha maji ni 240, kwa hiyo unga kikombe kimoja, maji nusu kikombe. Ile inayotolewa usiitupe, itie kwenye chapati za maji.

Na ubakize, Rehema. Siku ya kuoka usilimwage kopo kwenye unga. Usiku uliotangulia chota kijiko, kilishe kwenye bakuli lingine, asubuhi okea hicho. Kopo lenyewe lilishe lirudi mahali pake kabla hujagusa chumvi wala sukari. Wewe ndiye mwalimu wa baiolojia, unawaeleza watoto wa watu kwamba humo mna kuvu na bakteria walio hai, halafu wa kwako unawamaliza kwa siku moja! Na si chachu tu. Mshahara ukiingia, kila mwenye shida anapata, na tarehe kumi unampigia mdogo wako. Moyo wako ni mzuri, nami nafurahi kuusikia ukisifiwa mpaka huku. Lakini bakiza.

Maji ya bomba yenye dawa yachemshe yapoe, au yaache wazi usiku kucha. Tabora iko juu kuliko huku ziwani, na usiku wa Juni na Julai kuna baridi, kwa hiyo donge lililokuwa linaumuka kwa saa nne au tano hapa nyumbani huko litachelewa. Litazame donge, saa iache. Kuongeza hamira kwa haraka ndiko kunakoharibu ule uchachu ambao watu wanaufuata kwako. Ukiona maji meusi yamepanda juu ya chachu, ina njaa, yamwage uilishe. Ukiona ukungu, au rangi ya waridi au ya chungwa, tupa yote, usikwangue juu. Ikibidi kuanza upya, unga usiokobolewa na maji, kulisha kila siku, wiki moja au mbili. Siku ya pili au ya tatu itatoa mapovu mengi, kisha itanyamaza; wengi huitupa hapo wakidhani imekufa, kumbe ndiyo kwanza inajipanga.

Friji ya mwenye nyumba, kama bado anakuruhusu, ni nzuri. Humo inatosha kuilisha mara moja kwa wiki. Vilevile kausha kidogo uweke kwenye bahasha, utie kabatini pamoja na vyeti vyako. Mimi nitabaki na yangu, lakini sitaki unitegemee mimi. Treni huchelewa, na mimi naumwaumwa miguu siku hizi.

Baba yako anasema nimekuwa mkali mno juu ya unga na maji. Yeye ndiye anayekula mkate wako akikataa wa dukani, na ndiye aliyemwonyesha jirani picha za ile mikate mpaka simu ikazima chaji.

Dagaa sijatuma. Mwezi umekuwa mpevu, wavuvi hawatoki, na dagaa waliobaki mwaloni Kibirizi bei yao haishikiki. Nimekuwekea mawese kwenye kidumu cha njano. Nusu mpe shangazi yako wa Isevya, nusu ni yako, na hiyo nusu yako usiigawe. Kidumu ninakihitaji, mpe huyo huyo mleta mzigo akirudi. Bati la jikoni limeanza kuvuja tena, fundi anataka hela ya misumari kabla hajapanda. Usitume kitu, baba yako ameshapata.

Ukishaiamsha chachu nipigie, uniambie kwanza kopo liko wapi.

Mama yako