Ndugu Mkurugenzi, tuandikieni tarehe

Kwa Mkurugenzi,
(Taasisi yako siitaji. Wanaokaa kwenye mabenchi yako wataijua.)

YAH: TAFITI ZILIZOLALA MASIJALA

Salaam na heshima zangu zikufikie huko ghorofani.

Naendesha stesheneri Changanyikeni, jirani na Chuo Kikuu. Nachapa, natoa kopi, nabaindi tasnifu. Kwa hiyo kabla hujaniweka fungu la walalamikaji wasioelewa mambo, fahamu kwamba tasnifu kuhusu huduma za taasisi yako zimepita mikononi mwangu nyingi, na huenda nimezisoma kuliko wewe. Vijana hurudi kunisimulia: ile nakala wanayotakiwa kuwaletea kama sharti la kibali cha utafiti hugongwa muhuri, ikaenda masijala. Safari yake inaishia huko.

Alhamisi iliyopita ndiyo imenishinda. Nilikuja kufuatilia herufi moja. Mlisajili jina la baba yangu kwa "r" badala ya "l", na benki hainikopeshi fedha za mashine ya kutolea kopi mpaka nyaraka zifanane. Mashine niliyonayo inameza karatasi, wateja wananihama. Kaunta wakasema mtandao uko chini. Tukasubiri. Mara akaingia binti wa shahada ya uzamili na dodoso lake, na mtumishi aliyekuwa hana la kutufanyia akachangamka ghafla: "Jamani, mjazieni mwenzenu haraka, ana tarehe ya kukabidhi."

Yeye ana tarehe! Hongera zake.

Swali mojawapo lilisema: "Taasisi inapoahidi kufanya jambo kwa muda fulani, hulitekeleza." Weka tiki, kuanzia "sikubaliani kabisa" mpaka "nakubaliana kabisa". Mama mmoja pembeni yangu akauliza kama kuna kisanduku cha "hawajawahi kuahidi". Hakikuwepo.

Swali hilo nalijua. Chimbuko lake ni Parasuraman, Zeithaml na Berry, watafiti wa Marekani waliotoa kipimo chao cha ubora wa huduma, SERVQUAL, mwaka 1988: maswali 22 juu ya mambo matano, yaani mwonekano wa ofisi, kutegemeka, wepesi wa kuhudumia, watumishi kuaminika, na kumjali mteja. Nimeyachapa mpaka vidole vinayajua. Wateja walipoulizwa lipi lina uzito zaidi, kutegemeka kuliongoza na mwonekano ukashika mkia. Ninyi mlianza na lipi? Vigae vipya, luninga ukutani, na kila Oktoba, Wiki ya Huduma kwa Wateja, keki na fulana. Keki ilikuwa tamu, sikatai.

Watafiti hao hao mwaka 1985 walikuwa wameshaeleza mianya ambamo huduma hupotelea. Mmoja uko kati ya kinachotangazwa nje na kinachotolewa ndani. Mkataba wenu wa Huduma kwa Mteja, ule mliotundika karibu na mlango wa choo, unasema marekebisho ya jina ni siku 14 za kazi. Mimi niliambiwa "utapigiwa simu". Tangu hapo nimebadilisha simu, laini ni ile ile, na bado sijapigiwa.

Kwa nini tafiti hizi hazizai kitu? Nina dhana tu. Mwanafunzi anatafuta shahada, msimamizi anataka sura ya tano ikamilike, nanyi mnatoa kibali kama hisani. Hakuna anayemdai mwenzake. Ndiyo maana mapendekezo yanafanana mwaka hadi mwaka: watumishi wapewe mafunzo, mifumo iboreshwe, bajeti iongezwe. Wakati mwingine nakutana na makosa ya chapa yale yale niliyoyaona kwa mwanafunzi wa mwaka juzi. Na pengine hampendi kusomewa aibu zenu. Nani anapenda?

Lakini Bangalore, India, mwaka 1994, wananchi waliulizwa kuhusu ofisi zao za maji, umeme, simu na manispaa, na alama zikatangazwa hadharani mpaka magazetini. Ofisi ziliumbuka. Zoezi likarudiwa 1999, likarudiwa tena 2003, na kufikia hapo walioridhika walikuwa wameongezeka sana. Sidhani kama dodoso lao lilikuwa bora kuliko la yule binti. Ila majibu yao hayakufungiwa masijala.

Na tafadhali, msituite wateja kama tuna hiari. Muuza vocha akiniudhi, nahamia kibanda cha jirani. Daftari lenye jina la baba yangu unalo wewe peke yako. Nihamie wapi?

Nilikusudia kudai mengi: tafiti zisomwe, matokeo yabandikwe, mtandao upate wa kuulizwa. Nayaacha yote. Nadai moja, lisilohitaji mfadhili wala semina ya Morogoro. Stakabadhi mnayotupa ina mstari mtupu chini ya muhuri. Mtumishi aandike hapo tarehe ya kazi kukamilika, na jina lake. Tarehe, siyo "utapigiwa simu". Ikifika kazi haijaisha, aandike nyingine na sababu yake. Kalamu zipo, zikiwa zimeisha, kwangu nauza.

Basi muanze na yangu. Herufi moja, Ndugu Mkurugenzi. Ni lini?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye stesheneri
Changanyikeni, Dar es Salaam