Kijana asitoke chuoni mwaka huu

Mpendwa Baba Amina,

Salamu sana. Huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatuandama. Samahani kwa kuchelewa kujibu swali lako, kama mpwa wako aache chuo sasa aingie NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Nilitaka kwanza kuzitazama mechi nzima za mpwa wako, siyo vile vipande vya video anavyosambaza Mjomba Faki, ambamo kila mara kijana anamwangusha kwotabaki, yule mrushaji mpira wa wapinzani. Hapo hujui kama ataweza NFL.

Nakwambia moja kwa moja: arudi chuoni msimu mmoja zaidi.

Anacheza safu ya mbele ya ulinzi. Anasimama kwenye bega la nje la gadi, mmoja wa wapinzani wanaomkinga kwotabaki, na kazi yake ni kulinda upenyo ulio kati ya gadi na jirani yake wa nje. Hatua ya kwanza anayo, na hiyo kocha hawezi kumpa mtu. Mpira ukiondoka tu mkononi mwa senta, yule anayeanzisha mchezo, mguu wake umeshatua mbele ya wenzake wote watatu. Shida ni hatua ya pili. Anainuka. Kifua kinabaki wazi, gadi anapenyeza mikono, anamkamata jezi karibu na kwapa, basi, kijana ameshikika.

Wakija wawili kumsukuma ndiyo mbaya zaidi. Anatakiwa ashushe nyonga, asimame imara na awazuie wote wawili, ili mlinzi aliye nyuma yake amfuate mwenye mpira bila kuguswa. Yeye anajaribu kuwazunguka. Anageuka ubavu, anasukumwa mita tatu, na mkimbiaji anapita palepale alipoondoka. Tazama robo ya nne ya ile mechi ya ugenini: wapinzani walirudia mchezo uleule upande wake, wakapata yadi kila mara. Maskauti, watafuta vipaji wa timu, wataona hilo kabla ya kitu kingine.

Vipimo navyo. Urefu wa mita 1.88 na kilo 131 vinatosha. Mikono ni inchi 32, na timu nyingi hupenda 33 kwenda juu, maana mwenye mkono mrefu ndiye anayemfikia mwenzake kifuani kwanza. Mkono haurefuki, kwa hiyo lazima mikono yake iwe na kasi na akili. Sasa hivi ana mbinu moja tu, kuupitisha mkono juu ya bega la gadi. Ikikataa, anasimama. Aongeze kupita chini ya mkono, na kusukuma kifua kwa kifua, ili gadi asijue kinachokuja.

Najua Faki atamtaja Aaron Donald. Ni kweli, Donald alikuwa mfupi kwa nafasi ile, kama mita 1.85 na kilo 129, na timu ya Rams ilimchukua wa 13 kwenye uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2014, kisha akawa mlinzi bora wa ligi mara tatu. Lakini alicheza chuo cha Pittsburgh miaka minne kamili! Ule msimu wa mwisho, 2013, ndio uliomwinua: alimwangusha kwotabaki mara 11. Na vipimo vizuri peke yake havimpeleki mtu popote. Vernon Gholston aliwashangaza watu kwa nguvu na mbio, timu ya Jets ikamchukua wa 6 mwaka 2008, na katika misimu mitatu hakumwangusha kwotabaki hata mara moja.

Nisilo na raha nalo ni huyo wakala anayempigia dada yako usiku. Tafadhali kijana asitie saini. Akishasaini na wakala wa kumwingiza ligi, haki yake ya kucheza chuoni imekwisha. Badala yake amwombe kocha apeleke jina lake kwenye kamati ya ushauri ya ligi. Jibu lao huwa ni utachaguliwa raundi ya kwanza, raundi ya pili, au baki chuoni, na kijana asisubiri hadi katikati ya Januari, siku za mwisho za kujiandikisha kwa uteuzi. Mimi naona wataandika abaki. Kama ni fedha, tangu 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, kwa hiyo kubaki si kukaa na njaa.

Halafu pumzi. Kipindi cha pili ile hatua ya kwanza niliyoisifu inapungua, na akichoka ndipo anapoinuka zaidi. Narudi palepale, unaona.

Sasa nijibu haya. Goti la kushoto lilipasuliwa au alipumzishwa tu? Kwenye vipimo vya ligi kule Indianapolis madaktari wa timu zote 32 watalikagua, bora tujue mapema. Kocha wa safu yake anabaki au anahama? Amebakiza masomo mangapi? Mama yake anataka nini hasa, na kijana mwenyewe je, kuna mtu amemuuliza? Nitumie pia mechi mbili za Oktoba, zile ambazo Faki hazitaji.

Msalimie Mama Amina na watoto.

Wako,
Baba Shani