Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: familia ya mwenye dimenshia iambiwe kinachokuja

Mheshimiwa Waziri,

Kuna swali ambalo sisi wauguzi wa wodi za wazee huulizwa koridoni, daktari akishapita: "Nesi, mzee wetu ana muda gani?" Jibu letu la siku zote ni kwamba hayo anayajua Mungu. Ni kweli anayajua. Lakini yapo tunayoyajua na sisi pia, na tunayanyamazia. Ndiyo sababu nimeona nikuandikie hadharani.

Nianze na jambo ambalo hata baadhi ya wenzangu hawalikubali: dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopokonya kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kidogokidogo, inaua. Si uzee, si kusahausahau kwa kawaida, wala si mambo ya kulogwa. Shirika la Afya Duniani linaiweka nafasi ya saba miongoni mwa visababishi vya vifo duniani, na kwa hesabu zake watu milioni 57 walikuwa wakiishi nayo mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata hivyo cheti cha kifo huandikwa nimonia au kisukari, dimenshia haitajwi, na mwisho wa mwaka takwimu zinazofika mezani kwako zinaonyesha kana kwamba tatizo halipo.

Je, muda unaweza kukadiriwa? Kwa mtu mmojammoja, hapana. Kwa makundi, ndiyo. Mwaka 2025 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mapitio ya tafiti nyingi, nyingi zikiwa za Ulaya na Marekani Kaskazini. Mwanamume aliyegunduliwa akiwa na miaka 65 aliishi kwa wastani miaka 5.7 baada ya hapo. Aliyegunduliwa akiwa na miaka 85, miaka 2.2. Wanawake waliishi zaidi: miaka 8.0 na miaka 4.5. Mzee anayeletwa kwetu akiwa tayari hamtambui mwanawe ameshaitumia sehemu kubwa ya muda huo bila yeyote kuupa ugonjwa jina, kwa hiyo namba hizo zisomwe kwa uangalifu.

Katika yanayoamua muda huo, yapo yasiyobadilika: umri, jinsia na aina ya dimenshia. Ile itokanayo na kiharusi na mishipa ya damu, na ile ya chembe za Lewy (protini zinazojikusanya ndani ya seli za ubongo), kwa kawaida humpa mgonjwa muda mfupi kuliko Alzaima, ambayo ndiyo aina inayoonekana zaidi. Moyo mbovu na kisukari navyo hupunguza. Mengine, Mheshimiwa, yako mikononi mwetu, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Chukua mzee mwenye dimenshia ya wastani aliyelazwa kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Anawekwa kwenye kitanda kigeni, taa hazizimwi, miwani na kifaa chake cha kusikia vimebaki nyumbani, na binti yake ameambiwa aondoke kwa kuwa muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Usiku anachanganyikiwa ghafla, anang'oa dripu, anaita watu waliokwisha kufa. Hiyo ni deliriamu, ni hali ya dharura, na mara nyingi ina chanzo kinachotibika: maambukizi, upungufu wa maji mwilini, maumivu, choo kigumu, mkojo uliozuilika, au dawa mpya. Mwenye dimenshia akipata deliriamu, akili yake hushuka kwa kasi zaidi baada ya hapo, na uwezekano wa kufa huongezeka. Lakini sisi huandika kwenye faili "mgonjwa msumbufu", tunamfunga mikono kitandani, kisha tunaomba aandikiwe sindano ya kumtuliza.

Sindano hiyo nayo ina hesabu yake. Aprili 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu dawa za saikosisi, yaani za kumtuliza anayeona au kuamini yasiyokuwepo, kwa wazee wenye dimenshia. Katika majaribio yaliyochukua takriban wiki 10, waliokufa walikuwa karibu asilimia 4.5 ya waliopewa dawa, dhidi ya asilimia 2.6 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa mwenye dimenshia ya chembe za Lewy, haloperidoli, mojawapo ya dawa za saikosisi, inaweza kumkakamaza mwili na kumlaza moja kwa moja. Sisemi zipigwe marufuku. Kuna usiku ambapo mgonjwa ni hatari kwake mwenyewe na kwa wengine, na aliyewahi kufanya zamu ya usiku peke yake hatanibishia. Ninachosema ni kwamba dawa iliyoandikwa kwa ajili ya usiku mmoja isimfuate mzee nyumbani kwa miezi kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuiondoa.

Kuanguka na kuvunjika nyonga, vidonda vya mgandamizo na kupungua uzito ni habari hiyohiyo. Sitayarefusha, waganga wakuu wako wanayafahamu.

Chakula kinahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapo ndipo familia zinapoumia sana. Ugonjwa ukikomaa, mgonjwa husahau hata kumeza. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa 323 wenye dimenshia iliyokomaa katika nyumba za kulelea wazee eneo la Boston, waliofuatiliwa kwa miezi 18. Zaidi ya nusu walifariki. Karibu asilimia 86 walipata shida ya kula. Baada ya shida hiyo kuanza, takriban asilimia 39 walifariki ndani ya miezi sita. Baada ya nimonia, asilimia 47. Mpira wa kulishia, ambao ndugu wengi huuomba wakiamini utamwokoa mzee, haujaonekana kurefusha maisha katika hatua hiyo. Kumlisha kwa mkono, polepole, akiwa ameketi wima, hata akila vijiko vitatu tu, ndiyo huduma yenyewe.

Utafiti huo una jambo jingine ambalo ningependa ulisome mara mbili. Pale ambapo msimamizi wa mgonjwa, yaani anayemwamulia matibabu, alielewa kwamba muda umebaki mfupi na alijua matatizo yanayotarajiwa, mgonjwa alipelekwa kwa nadra zaidi kwenye hatua nzito za matibabu katika miezi mitatu ya mwisho: kukimbizwa hospitali, kuwekewa mpira, kuchomwa sindano zisizo na tija. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa anayeficha ni sisi, anayeumbuliwa ni mgonjwa.

Usije ukadhani naomba tuwakatishe watu tamaa. Kabla ya lolote, mzee apimwe vizuri, kwa maana upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, na damu iliyovilia chini ya fuvu baada ya kuanguka vinaweza kufanana na dimenshia, na vinatibika. Lakini ikishathibitishwa ni dimenshia, anayemuuguza ajue. Tena huyo naye ni sehemu ya tiba: mwaka 2006, matokeo kutoka New York yalionyesha kwamba wenza wa wagonjwa wa Alzaima waliopewa ushauri nasaha na msaada wa kudumu waliendelea kuwauguza nyumbani kwa takriban mwaka mmoja na nusu zaidi kabla ya kulazimika kuwapeleka kwenye nyumba za kulelea wazee. Hakukuwa na mashine hapo. Walikuwepo watu waliofunzwa, na simu iliyopokelewa.

Ninaloomba linaingia kwenye waraka mmoja. Mwongozo wa matibabu ulazimishe mazungumzo na mgonjwa mwenyewe, angali na uwezo wa kusema anachotaka, pamoja na familia yake. Yarudiwe kila hali inapobadilika, na yaandikwe kwenye faili kama tunavyoandika presha. Kila mzee anayelazwa apimwe deliriamu, na ndugu mmoja aruhusiwe kubaki naye usiku. Dawa ya saikosisi isiandikwe bila tarehe ya kuipitia upya. Na dimenshia iandikwe kwenye cheti cha kifo pale inapostahili.

La kwanza ndilo gumu, kwa sababu linahitaji muda wa daktari, na madaktari ni wachache. Basi tufundishwe sisi wauguzi tulifanye. Swali tunaulizwa sisi tayari.

Wako mtiifu,

Muuguzi wa wodi ya wazee