Kiti changu kipo, lakini kina mtu

Shikamoo Shangazi,

Jambo hili nikilisema nyumbani naambiwa ni mchezo tu, zima kompyuta ukalale. Lakini kulala ndiko kunakonishinda, ndiyo maana nakuandikia wewe. Naomba unisome mpaka mwisho.

Kwa miaka tisa nilicheza World of Warcraft. Kama huufahamu, ni mchezo wa mtandaoni ulioanza mwaka 2004, watu wengi wamo ndani ya dunia moja kwa wakati mmoja, na mambo yake makubwa hayawezwi na mtu peke yake. Watu hujiunga katika vyama. Katika chama chetu mimi nilikuwa mponyaji: wenzangu wanapigana mbele, mimi nasimama nyuma macho kwenye vipimo vya uhai wao, anayepungukiwa namjaza. Kazi hiyo ukiifanya miaka na watu walewale unawajua vizuri sana, hata kama hujawahi kuwaona nyuso. Nilijua nani akiogopa hukimbilia kushoto. Nilijua nani hunyamaza akikasirika. Kasisi, yaani mhusika wa aina yangu, ana uwezo uitwao Leap of Faith: unamvuta mwenzako kutoka kwenye moto mpaka uliposimama wewe. Nilikuwa nimeuweka kwenye kitufe cha namba 4. Kuna wakati nilimvuta mtu kabla hajapiga kelele, kwa kusikia tu pumzi yake kwenye maiki.

Mwaka 2020 tulikuwa tumekwama kwa N'Zoth, adui wa 12 na wa mwisho katika ngome ya Ny'alotha. Usiku mmoja, pambano limepamba moto, simu ikaita. Mama alikuwa ameanguka. Kiharusi. Niliinuka kwenye kiti nikaondoka hivyo hivyo, bila hata kuandika neno moja. Nilidhani wiki ijayo nitarudi nieleze. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na kadiri nilivyochelewa ndivyo aibu ilivyozidi kunifunga mdomo. (Mama sasa anatembea kwa mkongojo, Mungu ashukuriwe.) Miaka karibu mitano ikapita.

Mwanzoni mwa 2025 nikaufungua tena. Mhusika wangu nilimwacha levo ya 120, ambayo wakati ule ndiyo ilikuwa kilele. Nikamkuta ana 50. Hakuna aliyemgusa, Oktoba 2020 levo za wachezaji wote zilibanwa, na tangu hapo kilele kikapanda upya hadi 60, kisha 70, na niliporudi kilikuwa 80. Mfumo wa vipaji, yaani uwezo unaomchagulia mhusika wako, nao ulifumuliwa wote mwaka 2022. Vidole vyangu vilikuwa vinakumbuka kazi ambayo haipo tena.

Hayo niliyameza. Kilichoniuma ni sanduku la barua. Lilikuwa tupu. Barua za ndani ya mchezo hukaa siku 30 tu. Zikipita hazijafunguliwa hufutika, na zikiwa na kitu ndani hurudi kwa aliyetuma. Kwa hiyo kama kuna mwenzangu aliyeniandikia kuniuliza niko wapi, nina nini, sitajua kamwe. Nilisimama mbele ya sanduku lile muda mrefu sana, Shangazi.

Kisha nikafungua orodha ya chama. Kila jina linaonyesha muda uliopita tangu mwenyewe aonekane mara ya mwisho, na kando yake pana nafasi ndogo ambapo viongozi wanaweza kuandika neno. Majina ninayoyajua yamebaki sita. Jina langu halikufutwa. Kando yake kiongozi wetu alikuwa ameandika: "Kiti chake kipo."

Sasa tatizo lenyewe. Nilipoingia, aliyenipokea ni kijana mmoja, kasisi kama mimi, aliyejiunga baada yangu kuondoka. Wiki tatu nzima amekuwa akinifundisha. Ananiita kaka. "Kaka, usiharakishe kubonyeza, tazama ardhi kwanza." Ananitengenezea dawa za kunywa vitani, hataki nimlipe. Ananizungusha kwenye mapango madogo nipate mavazi ya kunitosha, na nikikosea hachoki. Nimefika levo ya 80 kwa sababu yake.

Wiki iliyopita kiongozi aliniita pembeni. Akasema ahadi ni ahadi, kiti ni changu, nirudi kwenye kikosi cha ngazi ya Mythic, ile ngumu kuliko zote. Ngazi hiyo haina nyongeza: ni watu 20 kamili, na kwetu waponyaji ni wanne. Nikiingia mimi, mmoja anatoka. Nikamuuliza ni nani. Akamtaja kijana yule, kwa kuwa ndiye aliyekuja mwisho. Mwenyewe bado hajaambiwa.

Sikujibu kitu. Sitakudanganya, kile kiti nakitaka. Nimekitaka kila usiku nilipokuwa nimekaa kando ya kitanda cha mama. Tena namwogopa kiongozi: mtu aliyekutunzia nafasi karibu miaka mitano, umwambie huitaki? Atadhani nimemdharau. Wala bado sijawaeleza kilichonitokea. Wakiniuliza nilikuwa wapi nasema "nilibanwa", basi, mazungumzo yanahamia kwingine.

Jana usiku tulikuwa watu watano pangoni. Nilikanyaga moto wa aina nisiyoijua, uhai ukashuka ghafla, na kabla sijafungua mdomo nikajikuta nimevutwa mpaka nyuma ya nguzo, mzima. Alikuwa ni yeye. Hakusema lolote, akaendelea na kazi yake. Nilizima maiki kwa muda, maana sauti isingetoka vizuri.

Shangazi, nikikubali kiti, namwangaliaje yule kijana? Nikikataa, namwambiaje kiongozi bila kumvunja moyo? Kuna mawazo ya tatu yananijia, kwamba niombe kukaa benchi, niwe naingia mmoja wao anapopata udhuru, lakini sijui kama huo ni uungwana au ni woga tu wa kuamua. Na kijana je, nimweleze mimi kabla hajalisikia kwingine, au hilo si langu kulisema?

Na lile la kuondoka bila kuaga, baada ya muda wote huu, linaombewaje msamaha? Niseme mbele ya wote kwenye sauti, au niwatafute wale sita mmoja mmoja? Mwisho wa mwezi natakiwa kutoa jibu.

Ni mimi,
Mponyaji aliyerudi