Mzee hakukuomba umpandishe farasi

Kaka,

Umeniletea tena habari ya ile sinema. Nikumbuke El Cid, yaani Rodrigo, yule shujaa wa Hispania, alivyofungwa juu ya farasi wake Babieca akiwa maiti, lango la Valencia likafunguliwa, jeshi la adui yake Ben Yusuf likakimbia, mji ukapona. Unasema nawe ulifanya vilevile uliponificha kifo cha Mzee, baba yetu, ili harusi yangu isivunjike. Ujumbe umewatumia na shangazi zetu wote, basi na jibu langu walisome.

Hakuna anayeijua sinema ile kukuzidi. Saa tatu nzima, na wewe ndiye uliyekuwa ukimtafsiria Mzee tangu mwanzo hadi mwisho, kila alipoitaka. Ulimsemea Charlton Heston, ukamsemea na Sophia Loren, nami nimelala mapajani mwako. Mzee alikuamuru urudishe kanda pale Al-Mu'tamin anapompa Rodrigo jina la Cid, maana alipenda kuona Mwislamu na Mkristo wakiheshimiana. Kwa hilo sinema haikudanganya. Rodrigo Díaz alipofukuzwa na mfalme wake mwaka 1081, aliwatumikia kweli watawala wa Zaragoza, Al-Mu'tamin akiwa mmoja wao.

Sasa nikukumbushe mimi. Mshale ulipomwingia Rodrigo kifuani, waliotaka kuung'oa walikuwapo. Yeye ndiye aliyekataa. Yeye ndiye aliyemtaka mkewe Jimena amwahidi kwamba kesho yake atatoka mbele ya jeshi, iwe iwavyo. Alisema kwa kinywa chake. Mzee alikuambia lini?

Jioni ya walima nilikupigia kutoka Muscat, hina bado mbichi mikononi. "Mzee amelala," ukasema, "tusimwamshe." Nyuma yako nikasikia Yasini ikisomwa na watu wengi. Nikauliza. Ukasema ni redio. Redio, kaka! Mlikuwa mmeshamzika tangu adhuhuri. Nikarudi ukumbini nikapigiwa vigelegele, nikacheza. Picha zipo, nimecheka kila moja, na mpaka leo siwezi kuzitazama. Hata kama nisingepata ndege, ningekaa chini nikamlilia baba yangu siku yake. Nilikuwa mtu mzima, mke wa mtu. Msiba ule ulikuwa wangu kama ulivyokuwa wako.

Na pale Burgos, Rodrigo anapomlazimisha mfalme wake Alfonso kuweka mkono juu ya Biblia aape kwamba hakuhusika na kifo cha nduguye Sancho, sauti yako ilikuwa ikipanda hadi majirani wanasikia. Ulimpenda Rodrigo kwa sababu alimtaka mkubwa wake aape. Nami nilipokuja Tanga nilikuomba neno moja tu, mbele ya shangazi: sema wallahi Mzee aliagiza nisiambiwe. Ukainuka, ukatoka. Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyevunja heshima, na nyumba ya baba yangu naingia kwa ruhusa.

Huku nimesoma habari za mtu yule. Hakuna mshale wala maiti juu ya farasi. Rodrigo alifia Valencia mwaka 1099, na Jimena akaushika mji mpaka 1102, watu wakijua kwamba bwana wao hayupo. Alfonso alipofika akaona hawataweza kuulinda, wakauhama, mji ukachomwa moto. Mjane akaondoka na mwili wa mumewe mpaka monasteri ya Cardeña, karibu na Burgos. Huyo ndiye Jimena ninayemwamini. Alipewa msiba wake, akaubeba mwenyewe, na mji haukuanguka siku ile.

Una mabinti, kaka. Wakiolewa mbali, usiwafiche jambo. Anayefiwa apigiwe simu saa ileile, awe harusini, awe kazini. Wanangu mimi nimewaambia kila kitu kuhusu babu yao, na wapo huko nyumbani wanaosema nawajaza chuki. Si chuki. Na arobaini sikuja kwa sababu ningekaa vipi kwenye mkeka mmoja na waliosoma ile Yasini wakijua nani yuko kwenye simu? Simu zako sikuzipokea kwa sababu kila ukitamka "Mzee" naisikia upya. Nani angeweza?

Lakini ni wewe uliyenifundisha kusoma, na nimekukumbuka mno. Ramadhani nakuja Tanga. Sinema tuiache. Uniambie alifariki saa ngapi, nani alikuwa karibu naye, na kama alinitaja. Ukinijibu hayo matatu, nitalala kwako.