Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2024: pweza, mwamba na riziki yetu

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama wa mwambani na vijana wa kuzamia, Assalaam aleikum.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na daftari lake liko wazi kwa yeyote anayetaka kulikagua kabla ya mkutano. Mimi nitazungumzia mwamba, kwa sababu humo ndimo wengi wetu tunamopata riziki, na kwa sababu mwaka huu kuna jambo ambalo lazima tulimalize wenyewe.

Mwaka ulikuwa mgumu kwa pwani yote ya Kilwa. Masika yalikuwa mazito, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapiga upande wetu. Waliowahi kupandisha vyombo juu walinusurika. Kilichotuumiza zaidi ni barabara: maji yalipoikata ile ya kwenda Dar es Salaam pale Somanga, magari ya barafu hayakufika, na pweza hasubiri. Waliokuwa nao waliwauza kwa bei ya kutupa, wengine wakawaanika.

Siku zile ndipo ilipoonekana nani anaishi kwa kitu gani. Mwenye korosho anajua msimu wake utakuja. Mwenye ufuta alikuwa anangojea mavuno. Mwenye mashua, bahari ikitulia, anaweza kwenda mbali kutafuta samaki. Lakini mama asiye na chombo wala shamba la maana ana bamvua tu. Mara mbili kwa mwezi maji yakipwa sana anashuka na mchokoo wake, kijiti cha kumtolea pweza tunduni, na anachopata ndicho unga, sabuni na madaftari ya watoto. Maji mafu yakiingia, yasipopwa sana, anakaa. Kwa hiyo mtu anaposema tufunge mwamba, yaani tuuache kwa muda bila kuvua pweza, ajue anafunga mlango wa jiko la nani.

Hata hivyo tulifunga, na naamini tulifanya sawa. Baada ya Idd el-Haj mkutano ulikubali kuupumzisha mwamba mmoja, ile mingine ikabaki wazi. Wenzetu wa Songo Songo wamekwisha kufanya hivyo, na kabla yao wavuvi wa Kivezo wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walianza mwaka 2004. Sababu iko katika maisha ya pweza mwenyewe. Haishi sana, mwaka mmoja na kidogo, lakini akiwa mchanga anakua haraka mno, na miezi michache tu inatosha kumtoa kwenye udogo wa kiganja hadi kuwa mzigo. Jike akishataga hujifungia tunduni, halili, hulinda mayai mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Anayemtoa kabla ya hapo amechukua pweza mmoja na kizazi chake chote.

Tulifungua kwenye bamvua la mwezi mpevu wa Septemba. Mizani ilikuwa pwani kabla maji hayajapwa, na pweza wa kwanza kupimwa alipita kilo tatu. Kuna niliyoyaona siku ile ambayo napenda yaingie kwenye kumbukumbu za chama. Bibi mmoja, miongoni mwa wanachama wetu wa zamani, alisimama kwenye tundu ambalo vijana walikuwa wamelipita. Alionyesha magamba ya kaa yaliyorundikwa mlangoni, bado mabichi, akasema mwenyewe yumo. Akaingiza mchokoo taratibu, akangoja pweza aushike, ndipo akamvuta. Jiwe halikuguswa. Hatua chache kutoka hapo kijana alikuwa anavunja matumbawe kwa mtaimbo akimfuata pweza mdogo. Tumbawe lile litachukua miaka mingi kurudi, na tundu lililovunjwa halimpati mpangaji mwingine. Baruti tumeipigia kelele sote, na haki yetu. Mtaimbo nao tuupigie kelele vilevile, hata kama anayeushika ni mtoto wa jirani.

Sasa nije kwenye malalamiko, ambayo kina mama waliyaleta kwa kamati na ambayo mimi nayaunga mkono. Walioumia wakati mwamba umefungwa ni wao. Siku ya kufungua, wazamiaji na wageni wa dago, wavuvi wanaohama na kupiga kambi kwetu kwa muda, waliingia mapema kwa mashua upande wa kina kirefu, na maji yalipopwa kiasi cha mtu kutembea, sehemu kubwa ya pweza ilikwisha kubebwa. Sheria haikuvunjwa. Wageni wa dago ni ndugu zetu, na sisi pia huenda kwao. Lakini haki haikutendeka, na wakiona hivyo mara ya pili hawatakubali tufunge tena, wala sitakuwa na neno la kuwaambia.

La pili ni la wanunuzi. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza pweza aliye chini ya gramu 500. Kila mmoja wetu anaijua kanuni hiyo, na kila mmoja ameona wadogo wakinunuliwa pembeni, bei ikiwa imeshushwa. Mvuvi mwenye njaa atamchukua mdogo iwapo yupo wa kumnunua. Kumkamata mama mwenye pweza wawili wadogo na kumwacha mchuuzi mwenye ndoo nzima ni kuanzia mahali pasipo sahihi. Nimezungumza na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za pwani, na wako tayari kusimama nasi mizanini.

Kamati inaleta mapendekezo haya. Ufungaji ujao uwe wa muda uleule, na mwamba uchaguliwe na kina mama wenyewe kwa kuwa wao ndio wanaojua upi wanaweza kuukosa. Siku mbili za kwanza za kufungua ziwe za wanaotembea kwa miguu peke yao, wazamiaji na wageni waingie siku ya tatu. Mtaimbo usishuke mwambani kabisa. Mchuuzi atakayekutwa na pweza chini ya uzito asiruhusiwe kununua pwani kwetu msimu mzima, na jina lake lipelekwe kwa afisa uvuvi.

Pendekezo la siku mbili litajadiliwa kwanza, na wasio na vyombo ndio watakaopewa nafasi ya kusema kabla ya wengine. Tukutane baada ya sala ya Alasiri, siku ya maji mafu, ili asiwepo wa kukosa bamvua kwa ajili ya mkutano.